Udongo na Heshima ya Nyumba

Kati ya maswali ambayo mtu hujiuliza maishani mwake, swali la nyumba ni la kale kuliko mengi, na kwa juu juu laonekana jepesi kuliko mengi. Ndege hulijibu kwa majani makavu, mchwa hulijibu kwa udongo, wala hawajadiliani. Mwanadamu peke yake hujenga, kisha akageuka kutazama jirani atasemaje. Kwa sababu hiyo nyumba yake si kinga ya mvua na jua tu. Ni kauli yake juu ya nafsi yake mbele ya watu. Katika insha hii nakusudia kuitazama kauli hiyo pale inapogongana na wajibu mwingine, yaani wajibu wa kutoteketeza ovyo nishati ya dunia, iwe ni kuni, makaa, mafuta au umeme. Twaambiwa leo kwamba nyumba njema ni ile itumiayo nishati kidogo, katika kujengwa kwake na katika kukaliwa kwake. Sina ugomvi na neno hilo. Swali langu ni jingine: ni nani mwenye haki ya kumwambia maskini ajenge kwa udongo?

Swali hili sikulipata vitabuni. Nililipata Kilosa, kwa mjomba wangu.

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa kwa barabara kuu hukata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Akitoka hifadhini huingia katika mji mdogo wa Mikumi, ambao pamoja na hifadhi yake umepata jina kutokana na miti mirefu ya jamii ya mivumo. Hapo, akigeukia kaskazini, hushika njia ya Kilosa. Na kando ya njia hiyo aweza kusoma historia ya ujenzi wa nchi hii bila ya kufungua kitabu. Ziko nyumba za miti na fito zilizokandikwa udongo na kuezekwa nyasi. Ziko nyumba za namna hiyohiyo zilizovuliwa nyasi na kuvikwa bati. Ziko nyumba nyekundu za matofali ya kuchoma ambazo hazijapigwa lipu. Na kadiri mji unavyokaribia, ziko nyumba za matofali ya saruji. Aghalabu aina mbili tatu husimama katika kiwanja kimoja, kama babu, baba na mwana waliosimamishwa kupigwa picha.

Nyumba ya mjomba wangu ilikuwa ya aina ile ya pili: udongo chini, bati juu. Nilifika siku wanawe walipokuwa wakichoma matofali ya nyumba mpya. Tanuru lilisimama nyuma ya jiko, matofali mabichi yamepangwa kama chumba kisicho mlango, nje yamekandikwa tope, chini yameachiwa matundu ya moto. Vijana walisukuma magogo katika matundu hayo usiku na mchana kwa zamu. Nilisimama hatua nyingi mbali na bado joto lilinipiga usoni. Nilipoyatazama yale magogo nikaona jambo ambalo sikulifikiri kabla. Miti iliyokuwa ikichomwa ili ipatikane nyumba isiyo ya miti ilikuwa mingi kuliko ile iliyosimamisha nyumba ya miti ya zamani.

Basi hapana budi tufanye hesabu, maana jambo hili lisipohesabiwa hubaki kuwa mapenzi na chuki tu.

Kila nyumba ina matumizi mawili ya nishati. La kwanza hulipwa kabla mtu hajaingia ndani. Udongo uliokandikwa haukuguswa na moto wowote; ulikanyagwa kwa miguu na kupakwa kwa mikono. Tofali la kuchoma hutaka moto wa karibu digrii 900 au zaidi, na katika vijiji vyetu moto huo ni msitu. Saruji hutaka moto mkubwa zaidi: mawe ya chokaa na udongo huchomwa pamoja katika joto la karibu digrii 1450. Tena hata kama moto huo ungepatikana bila ya moshi, jiwe la chokaa lenyewe likipashwa hutoa hewa ya ukaa, na zaidi ya nusu ya hewa hiyo katika utengenezaji wa saruji hutoka katika jiwe, si katika kuni wala makaa. Ndiyo sababu saruji peke yake yahesabiwa kuleta kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya hewa yote ya ukaa ambayo wanadamu huitoa duniani. Bati nalo ni chuma, na chuma hakizaliwi bila ya tanuru.

Matumizi ya pili hulipwa kila siku mtu akaapo ndani. Ukuta mnene wa udongo hupokea joto la mchana polepole, na jua huwa limekwisha kutua kabla joto hilo halijafika chumbani. Bati hufanya kinyume: saa saba mchana lawaka, na alfajiri lina baridi. Mwenye nyumba ya bati isiyo na dari hana njia ila kuvumilia, au, akiwa na fedha, kununua ubaridi. Mimi ni mmoja wa wanunuzi hao. Nyumba yangu ya Dar es Salaam ina kuta nyembamba za saruji, bati juu, na madirisha makubwa ya vioo yaliyoelekezwa magharibi kwa sababu niliyapenda katika picha. Pasipo kiyoyozi, chumba changu cha kusomea hakikaliki baada ya adhuhuri. Umeme wa kiyoyozi hicho hutoka wapi? Mojawapo ya vyanzo vyake ni bwawa la Kidatu katika Mto Ruaha Mkuu, safari fupi kusini mwa Mikumi, ambalo lilianza kutoa umeme mwaka 1975. Na nyaya zake kubwa hupita Morogoro kwenda Dar es Salaam. Kwa hiyo kwa miaka mingi nguvu ya mto wa watu wanaolala katika nyumba baridi za udongo imekuwa ikisafirishwa kwenda kupoza nyumba za moto za watu waliousahau udongo.

Hesabu hii ikisomwa peke yake hukumu ni rahisi: udongo ni bora, na aukataaye ni mpumbavu. Wengi wamekwisha kuhukumu hivyo. Hata Mwalimu Nyerere, katika Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi, mwaka 1977, alilalamika kwamba watu wamelewa bati na saruji kiasi cha kupooza akili. Kwamba huacha kujenga kwa matofali na vigae vya udongo walio nao wakangoja bati na saruji, na hali saruji nayo asili yake ni udongo, ila tu waitwa udongo wa Ulaya. Maneno yake yalikuwa makali, na katika Kilosa yana mzaha usiokusudiwa. Wilaya hiyo ina kata iitwayo Ulaya, upande huohuo wa njia ya Mikumi. Mtu wa huko akichimba nyuma ya nyumba yake huupata udongo wa Ulaya bila ya kulipa hata senti. Walakini si huo autamanio.

Lakini yafaa tuulize tamaa hiyo ilitoka wapi. Dharau ya udongo haikuzaliwa na ujinga. Katika Dar es Salaam, chini ya Wajerumani na kisha chini ya Waingereza, kanuni za ujenzi ziliigawa mitaa kwa kadiri ya vifaa na namna ya kujenga. Palikuwa na mitaa ya nyumba za kudumu za namna ya Kizungu, palikuwa na mitaa ya maduka na makazi ambako Wahindi walikuwa wengi, na palikuwa na mitaa ambako miti, udongo na makuti viliruhusiwa, nayo ndiyo iliyokuwa ya Mwafrika. Kanuni ilitaja ukuta, haikutaja ngozi. Kila mtu lakini aliielewa. Mahali ambapo sheria humpima mtu kwa ukuta wake, mtu hujifunza kuutaka ukuta mwingine. Uhuru ulipopatikana, mkulima aliyeuza pamba yake au mkonge wake akanunua bati hakununua chuma tu. Alinunua nafasi katika mtaa ambao baba yake alikatazwa. Kumwambia mtu huyo kwamba akili yake imepooza ni kuona maradhi na kutoona kidonda.

Tena tusilisahau jambo jingine ambalo wasifuo nyumba za asili husahau upesi. Nyasi za kuezekea hukatwa na mtu, na katika nyumba nyingi mtu huyo ni mwanamke. Hukatwa, hubebwa, na baada ya miaka michache huoza zikatakiwa nyingine. Siku hizi ziko mbali, maana mashamba yamepanuka, na ndani ya hifadhi haziruhusiwi kukatwa. Cheche moja ya jikoni huzimaliza. Bati halishiki moto, halifugi panya wala nyoka, na mvua ikinyesha humpa mama ndoo za maji mlangoni pake. Mke wa mjomba wangu hakuniambia kwamba bati ni uzuri. Aliniambia kwamba bati limempumzisha kichwa.

Basi nyumba ya mwenye akili katika zama zetu haiwezi kuwa kurudi nyuma tu. Yapasa iwe kitu cha tatu, na kitu hicho kipo. Nchi yetu ilianzisha kitengo cha utafiti wa ujenzi mwaka 1971, na mwaka 2001 kitengo hicho kilifanywa kuwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Kati ya mambo yaliyoenezwa na wataalamu wake ni tofali la udongo la kufungamana. Udongo huchujwa, huchanganywa na saruji kidogo, kwa kawaida sehemu moja katika kumi au katika kumi na tano au zaidi kwa kadiri ya udongo ulivyo, hutiwa maji machache, kisha hushindiliwa kwa nguvu katika mashine ambayo watu wawili waweza kuiendesha kwa mikono. Tofali likifyatuliwa halipelekwi tanuruni. Huwekwa kivulini na kunyunyiziwa maji kwa siku kadhaa mpaka likomae. Lina meno na mifereji ambayo hushika tofali la jirani, hata ukuta hupanda bila ya kula chokaa na saruji nyingi katika maungio. Hakuna gogo lililoungua. Ukuta ni mnene na hupoza chumba kama ule wa udongo, nao huvumilia mvua kuliko ule.

Si udongo wote ufaao, na anayeusifu lazima aseme hivyo. Udongo mweusi wa mbugani huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Lakini kipimo cha kwanza hakitaki maabara. Mtu atie udongo katika chupa nyeupe, aongeze maji, atikise, aache utulie. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu, naye ataona kwa macho yake kipi kimezidi. Pamekuwa na majaribio mengine pia. Kilosa ni nchi ya mkonge tangu zamani, na mashamba ya Kimamba na Rudewa yanajulikana. Na watafiti wa nchi hii walijaribu kutia nyuzi za katani katika vigae vya saruji ili viwe mahali pa bati. Wazo lilikuwa jema, ila ukali wa saruji hudhoofisha nyuzi hizo kadiri miaka ipitavyo. Naandika kasoro hii kwa makusudi. Kitu kipya kinachosifiwa bila ya kutajwa ila yake hutiliwa shaka na watu wenye busara, na watu wa vijijini wana busara hiyo kwa sababu wakikosea hawana nyumba ya pili.

Haya yote nilimweleza mjomba jioni ile, tumekaa barazani, tanuru likinguruma. Nilisema vizuri, kusema ndiyo kazi yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, “Mjomba, wewe nyumba yako umeijenga kwa kitu gani?”

Nikasema, “Kwa saruji.”

“Na juu?”

“Bati.”

“Na waliokufundisha habari hizi, wao?”

Sikujibu. Akaendelea kwa upole, kama anayemsaidia mtoto kutua mzigo, “Sisi tumezaliwa katika udongo na tumeukandika miaka yote. Mwaka ule wa mafuriko tuliuona ukienda na maji. Sasa vijana wangu wamepata kidogo, na wewe waja kutoka katika saruji kutuambia tubaki. Labda ni kweli. Lakini mbona ukweli huu hauanzii kwenu?”

Alikuwa akisema habari za mwisho wa Desemba 2009 na mwanzo wa Januari 2010, Mto Mkondoa ulipofurika, ukaiharibu reli ya kati, ukaangusha nyumba nyingi za Kilosa, na maelfu ya watu wakaishi katika mahema. Aliyeona ukuta wake ukilainika kama uji na kulala chini hawezi kushawishiwa kwa hesabu ya hewa ya ukaa. Ni kweli kwamba mtaalamu atasema kosa halikuwa la udongo peke yake. Kwamba msingi wa mawe ulioinuliwa, upenu mpana, saruji kidogo katika tofali, na hasa kutojenga katika njia ya mto, vingeokoa mengi. Nami naamini hivyo. Walakini sikuwa na haki ya kusema jioni ile, kwa kuwa maneno yangu hayakuwa na nyumba nyuma yake.

Kisa hiki si cha Kilosa tu. Mwaka 1945 mbunifu wa majengo wa Misri, Hassan Fathy, alianza kujenga kijiji kipya cha Gourna, karibu na Luxor, kwa matofali ya tope na mapaa ya kuba, ili wahamie watu waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale. Kazi yake imesifiwa dunia nzima kwa uzuri na kwa ubaridi wa vyumba vyake. Watu wa Gourna wengi wao walikataa kuhamia. Riziki yao ilikuwa kule kilimani walikotakiwa kutoka. Na kuba zile, ambazo msanii aliziona kuwa urithi, wao waliziona kuwa mfano wa makaburi. Mtu mwema, mwenye maarifa ya kweli na kitu kizuri mkononi, alishindwa kwa sababu nyumba ilikuwa wazo lake kabla ya kuwa haja yao.

Mfano wa pili una mwisho mwingine. Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando katika Burkina Faso, alisoma ubunifu wa majengo Berlin, akarudi kujenga shule ya msingi ya kijiji chake, iliyokamilika mwaka 2001. Wenzake walishangaa kwamba aliyetoka Ulaya alirudi na udongo, nao walijua jinsi mvua inavyoufanya. Hakuwahubiria. Aliuchanganya udongo na saruji kidogo, akawaonyesha kwamba tofali hustahimili, akajenga pamoja nao. Tena bati hakulitupa. Aliliinua juu ya dari ya matofali, akaacha nafasi katikati ili hewa ya moto ipite iende zake. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata. Msomaji asidhani nasifu tuzo. Nasifu mahali pa kuanzia: udongo ule ulianza na jengo ambalo kijiji kizima kiliheshimu, yaani shule, na ulianza mikononi mwa mtu ambaye angeweza kuchagua saruji.

Hapo naona jibu la swali langu. Wajibu wa kuhifadhi nishati ni wa watu wote, lakini hauwapasi wote kwa zamu moja. Huanza na mwenye uwezo wa kuchagua. Maskini akijenga kwa udongo hatuwezi kujua kama ametii dhamiri au amelazimishwa na mfuko; hivyo udongo wake haumfundishi mtu. Tajiri, msomi, halmashauri na chuo wakijenga kwa udongo ulioboreshwa, udongo huacha kuwa alama ya kushindwa. Iwapo ofisi ya wilaya, nyumba ya mganga na nyumba za waalimu zitajengwa kwa tofali la kufungamana, hapatahitajiwa mhubiri barazani kwa mjomba wangu. Na iwapo hazitajengwa, basi mahubiri yetu yote ni njia mpya ya kuirudisha ile mitaa ya zamani, wakubwa katika saruji na wadogo katika udongo, safari hii kwa jina la kuiokoa dunia. Dhuluma yenye sababu nzuri haiachi kuwa dhuluma.

Wengine watasema kwamba dunia haina muda wa kungoja wasomi wabomoe nyumba zao. Nao wana haki. Wala sisemi mtu abomoe, maana kubomoa kilichokwisha kulipiwa ni upotevu mwingine. Nasema tunachojenga baadaye, na tunachojenga kwa fedha ya umma, ndicho kipimo cha unyofu wetu.

Nilirudi Dar es Salaam nikafanya dogo nililoliweza. Nyuma ya nyumba yangu nilijenga chumba kimoja kwa matofali ya udongo, msingi wa mawe, bati juu na dari chini yake, nikahamishia humo meza na vitabu. Kiyoyozi kilibaki nyumba kubwa. Mwaka uliofuata mjomba alikuja mjini kwa matibabu, nami nikamlaza katika chumba hicho kwa majuma mawili ya masika. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Yeye alilala, akaijua. Asubuhi moja baada ya mvua kubwa nilimkuta nje ameinama, kidole chake kikifuata mstari chini ya ukuta, mahali matone yalipokuwa yakirukia na kulamba udongo. Aliniambia kwamba upenu wangu ni mfupi kwa dhiraa moja, na kwamba fundi wangu hakuwahi kukaa katika nyumba ya udongo. Kisha akaniuliza mashine ile hukodishwa kwa kiasi gani.